MREJESHO: Mtoto asiyekula nafaka wala maziwa, tumefikia hapa

Wadau, habari za siku. Mwezi uliopita niliuliza nimpikie nini mwanangu wa miaka 6, daktari kamkataza ngano, mahindi, mchele na maziwa ya ng'ombe. Niliahidi mrejesho, huu hapa.

Chapati za unga wa muhogo, jaribio la kwanza zilivunjika kikaangoni, baba yake akauliza kama ni chipsi. Kosa lilikuwa maji baridi. Muhogo hauna ule mvuto wa ngano. Aliyenishauri nimwagie maji yanayochemka, nikoroge kwa mwiko, nifunike dakika 10 ndipo nikande na kijiko cha mafuta ya nazi, Mungu akubariki. Donge lililainika, likasukumika. Ila zinaliwa moto moto, zikipoa ni ndala kabisa.

Jioni magimbi au ndizi mzuzu za nazi na iliki. Tui zito naliweka mwisho, sibanduki jikoni hadi lichemke, lisije likakatika. Maziwa hajayaulizia.

Za kutafuna shuleni ni kashata za nazi. Mbona tulikuwa nazo siku zote!

Na yule aliyesema nisome kopo la bekingi poda alikuwa sahihi: langu lina wanga wa mahindi. Sasa natumia magadi soda na ndimu.

Kilichobaki ni keki ya birthday. Nimejaribu mara 2, katikati inabaki mbichi. Aliyefanikiwa aniambie anatumia mayai mangapi.