Chanjo ya HPV: wazazi tuambiwe habari ya masundosundo, au yafichwe?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya.

Tangu chanjo ya kirusi cha HPV ianze kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na baadaye umri ukashushwa hadi miaka 9, kwenye vikao vya wazazi nimesikia jambo moja tu: saratani ya mlango wa kizazi. Ni kweli. Aina ya 16 na ya 18 za kirusi hiki huleta takriban visa 7 kati ya 10 vya saratani hiyo. Lakini ziko aina ya 6 na ya 11, ambazo ni nadra kuleta saratani, ila ndizo chanzo cha masundosundo, yaani vinyama vinavyoota sehemu za siri, karibu mara 9 kati ya 10. Chanjo tuliyoanza nayo inakinga zote nne. Mbona hili hatuambiwi?

Mdogo wangu yalimtokea akiwa chuoni. Alificha miezi mitano, anajipaka dawa za mitaani. Hospitali wakayaondoa, yakarudi. Alilia kwamba watu watamwona malaya, na mwenzi alikuwa naye mmoja tu. Kirusi hiki huambukiza kwa ngozi kugusana, hata kondomu haikingi kila mahali.

Australia walianza kuchanja wasichana mwaka 2007. Kwenye kliniki zao, wasichana chini ya miaka 21 waliokutwa na masundosundo walishuka kutoka 11.5 katika kila 100 hadi chini ya 1 kufikia 2011.

Mchangiaji, muuguzi: Sayansi yako naikubali, njia siiafiki. Nikitaja ugonjwa wa zinaa mbele ya wazazi wa mtoto wa miaka 9, wengi watamtoa kwenye foleni. Tayari wapo wanaosema chanjo inaharibu kizazi. Tuokoe maisha kwanza. Masundosundo hayaui.

Mleta mada: Dada, pole na kazi, najua nyie ndio mnaotukanwa. Ila uvumi wa ugumba unapata nguvu mzazi anapohisi kuna kitu amefichwa. Mwambieni wazi: anachanjwa mapema kwa sababu chanjo haitibu kirusi kilichokwisha kuingia. Na hayo masundosundo, mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, ni nadra lakini hutokea, yakamwota kooni hadi pumzi ikawa shida. Ipo pia chanjo ya aina mbili tu, 16 na 18, isiyolenga masundosundo. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anachomwa ipi.

Mchangiaji, baba wa mabinti wawili: Mimi wa kwanza nilimkatalia. Niliposikia ni ya wasichana peke yao nikasema hapa kuna jambo. Leo nimesoma kwamba Australia wavulana nao wanachanjwa tangu 2013. Ningeambiwa siku ile, ningeuliza maswali mengine kabisa. Huyu mdogo ana miaka 10. Nataka kujua, dozi ni moja au mbili?

Mchangiaji, muuguzi: Siku hizi ni moja, baba. Mlete.