Ensefalaitisi (uvimbe wa ubongo) ya virusi naiwekea kodi gani ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa)?

karani_wa_faili: Wakuu naombeni msaada, nipo kitengo cha bima hospitalini, kuna dogo wa miaka 9 aliingia na homa, degedege na maneno yasiyoeleweka, daktari kaandika tu "ensefalaitisi ya virusi", nikaweka G04.9 fomu ikarudi eti kodi haiendani na dawa. Nimekosea wapi?

Mzee wa Kodi (sio ya nyumba): G04.9 ni pale chanzo hakijulikani. Akishataja virusi bila kusema kirusi gani ni A86. Ila cheki karatasi ya dawa, kama dogo alichomwa asaiklovia (dawa ya virusi vya herpesi) huenda walikuta herpesi, hapo ni B00.4 halafu G05.1 inafuata, hiyo G05.1 ina alama ya kinyota (*), haitangulii wala haikai peke yake.

karani_wa_faili: Duh kweli, PCR (kipimo cha vinasaba vya kirusi) ya maji ya uti wa mgongo ipo, herpesi chanya, imebanwa nyuma kabisa ya faili. Nabadilisha basi?

dada_rekodi: Subiri kwanza! Wewe sio daktari, mrudishie faili aandike mwenyewe "ya herpesi", asaini na tarehe, ndo ubadilishe. Mie niliwahi kujibadilishia, siku mkaguzi anakuja nilitamani ardhi inimeze.

Mzee wa Kodi (sio ya nyumba): Na usije ukaweka A87, hiyo ni utando wa ubongo sio ubongo wenyewe. Kipimo cha malaria nacho kionekane humo, lazima watu wa bima watauliza.

karani_wa_faili: Dokta yupo zamu ya usiku, namvizia asubuhi kabla hajaondoka.