Tofauti ya "like", "prefer" na "fond of"

Swali:
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Katika Kiingereza, "like", "prefer" na "fond of" yote huhusu kupenda, lakini ninapoandika barua rasmi sina hakika lipi linafaa, wala kama "prefer" hufuatwa na "than".

Jibu la kwanza:
Hapana, "prefer" hufuatwa na "to": "I prefer reading to writing". Neno hilo hudai kuwapo kwa angalau vitu viwili, hata kama kimoja hakitajwi, ilhali "like" hutaja kupenda tu bila kulinganisha. "Than" huja pamoja na "would rather", na hapo kitenzi hakitangulizwi na "to": "I would rather walk than drive".

Jibu la pili:
Naafikiana na mwenzangu, ila kwa barua rasmi lililo zito zaidi ni tofauti ya "I like" na "I would like", kwa kuwa la kwanza hueleza upendeleo wa siku zote na la pili ni ombi la adabu. Ukiandika "I like to meet you" ilhali unaomba miadi, msomaji atadhani unasimulia mazoea yako.

Jibu la tatu:
"Fond of" lina ukunjufu wa mazoea, hivyo humfaa zaidi mtu au jambo ulilolizoea, na kitenzi kikifuata huishia na "-ing". Binafsi nisingelitumia katika barua ya kuomba kazi.