Ivar Asiye na Mifupa: je, alikuwa na ulemavu kweli?

Mdadisi wa Temeke
Ndugu wanajukwaa, kijiweni kwetu vijana wanasema kama jambo lililothibitishwa kwamba Ivar, mmoja wa viongozi wa jeshi kubwa la Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, lililotua Uingereza mwaka 865, alizaliwa na ugonjwa wa mifupa kuvunjika kirahisi, ndiyo maana akaitwa "asiye na mifupa". Dai hili lina msingi gani?

Mwalimu wa Ubungo
Ndugu, msingi wake ni mwembamba. Habari kwamba Ivar alikuwa na gegedu (tishu laini kama ya sikio) mahali pa mifupa, na kwamba alibebwa, zimo katika saga, yaani simulizi ndefu ya kale, ya Ragnar, baba yake, iliyoandikwa Iceland katika karne ya 13, yaani miaka 400 hivi baadaye. Tena saga hiyo inaeleza hali yake kuwa ni laana: mama yake alimsihi Ragnar wasubiri siku tatu baada ya harusi kabla ya kulala pamoja, naye akakataa. Kumbukumbu za Ireland, ambazo ziko karibu zaidi na wakati wake, zinamtaja mfalme Imar, ambaye wanahistoria wengi humwona kuwa ndiye huyo Ivar. Zinasema aliizingira Dumbarton, ngome ya Uskoti, kwa miezi minne mwaka 870 na kufariki mwaka 873, bila neno lolote kuhusu mwili wake.

Tabibu wa Upanga
Naongeza la kitabibu. Ugonjwa huo hutokana na kasoro ya kolajeni, protini inayoipa mifupa uimara, na ukali wake hutofautiana sana: yupo anayevunjika mara chache na kutembea vizuri, na yupo asiyeweza kusimama kabisa, ambaye kwa kawaida huwa mfupi mno. Saga hiyohiyo inasema Ivar alikuwa mrefu kuliko wote. Anayechukua gegedu na kuuacha urefu anachagua ushahidi, na mifupa yake ya kupimwa hatunayo.

Mkazi wa Mbagala
Nakubali, ila mimi ninayetumia kiti cha magurudumu naomba tusilikatae dai hili kwa sababu mbovu, kwamba eti asiyetembea hawezi kuongoza jeshi. Masimulizi ya Mali yanasema Sundiata, mwanzilishi wa dola la Mali, hakuweza kutembea utotoni, na hakuna anayemnyima ufalme wake. Hata saga ya Ragnar inamsifu Ivar kwa akili kuliko ndugu zake: aliomba ardhi ya kutoshea ngozi moja ya ng'ombe, akaikata ngozi hiyo nyuzi nyembamba, akazungushia eneo la mji mzima.