Nina Jumamosi moja Paris: Sceaux, Le Raincy au Jouy-en-Josas?

Mzaramo77: Wakuu, mwezi ujao nipo Paris kikazi, Jumamosi iko wazi. Mnara wa Eiffel nimeshauona, zile foleni sizitaki tena. Natafuta mji mdogo pembezoni wenye historia yake, niende kwa treni asubuhi nirudi jioni. Imebaki mitatu hiyo. Mnaoishi huko mnasemaje?

BintiTanga: Sceaux. Bustani yake ilichorwa na Le Nôtre, yuleyule wa Versailles, kwa ajili ya Colbert, waziri wa Louis XIV, aliyenunua eneo hilo 1670. Kuingia bure. Ila kasri unaloliona ni la karne ya 19, la Colbert lilibomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Na Marie Curie alifunga ndoa na Pierre hapo hapo, kwa meya, Julai 1895. Walizikwa Sceaux wote wawili, hadi 1995 walipohamishiwa Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa mashujaa wa Ufaransa.

FundiZege: Dada, bustani za wakubwa zimejaa Ufaransa nzima. Nenda Le Raincy ukaone kanisa la Notre-Dame la Auguste Perret na mdogo wake Gustave. Hela ya mawe haikuwepo, wakamwaga zege: wameanza 1922, mwaka uliofuata limezinduliwa. Nguzo nyembamba mpaka unajiuliza paa limeshikwa na nini. Kuta hazibebi chochote, ni wavu wa zege uliojazwa vioo vya rangi, kazi ya Marguerite Huré. Ni kumbukumbu pia ya waliokufa vita vya Ourcq, 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Nikiwa mkweli, ukitoka kanisani mji hauna mengi.

MamaKanga: Mbona Jouy mnairuka? Ufaransa ilipiga marufuku vitambaa vya pamba vilivyochapwa tangu 1686, kuwalinda wafumaji wa hariri na sufu. Watu wakavaa vya magendo! Marufuku ikaondolewa 1759, na mwaka uliofuata Oberkampf, kijana wa Kijerumani, akafungua kiwanda Jouy. Alifuata maji ya mto Bièvre, maana kitambaa cha kuchapwa kinataka kuoshwa sana, na uwanja wa majani wa kukitandaza juani. Alianza na vibao vya mbao, zikaja sahani za shaba, kisha rola. Napoleon mwenyewe alikwenda 1806 akampa nishani. Kiwanda kilifungwa 1843, ila jumba la makumbusho lipo. Sisi wa kanga ukituonyesha vile vibao hatuhitaji maelezo: rangi ya pili ikikosa mahali pake, nguo imeharibika.

Mzaramo77: Shikamoo Mama. Huko nafikaje?

MamaKanga: Marahaba mwanangu. Panda RER B (RER ni treni za Paris na vitongoji vyake) mpaka Massy-Palaiseau, hapo unabadili, unapanda treni ya Versailles Chantiers. Angalia kwanza saa za makumbusho.

BintiTanga: Basi njia ni moja! Asubuhi anza na Jouy. Wakati wa kurudi kutoka Massy, shuka stesheni ya Parc de Sceaux. Usishuke ile inayoitwa Sceaux tu, iko tawi la Robinson, matawi yanaachana Bourg-la-Reine. Wageni wengi hupotea hapo.

Mzaramo77: Imepita. FundiZege, niwie radhi mkuu.

FundiZege: Hamna shida. Mvua ikikukatalia bustani, panda RER E pale Magenta, kanisani kuna paa.