UKOO WA MAKONGENI: treni ya Baraka

Jumatatu

Shangazi Zuhura, 06:12
Hamjambo nyote. Jumamosi ya wiki ijayo Baraka anatimiza miaka 2. Mwaka jana tulimjazia nyumba plastiki, hakuna hata moja iliyofika Pasaka. Safari hii zawadi ni moja: treni ya mbao, ile ya Babu, 59, injini ya zamani ya mvuke. Fundi ni Juma. Kila mtu 500, tumeni kwangu. Nataka majibu kabla ya saa nne.

Shangazi Zuhura, 09:58
Naona mmesoma.

Tito, 10:20
Shangazi, hiyo treni itasimama Syokimau? Mimi hushukia hapo 😂

Shangazi Zuhura, 10:21
Tito, 500.

Fundi Juma, 10:47
Shikamoo Shangazi. Kazi naiweza. Ni kichwa peke yake ama na mabehewa?

Shangazi Zuhura, 10:49
Kichwa na mabehewa mawili. Bomba la moshi, kengele, taa za betri mbele. Na nyuma sehemu ya mkaa, tutie vijiwe vyeusi.

Fundi Juma, 11:15
Betri hapana. Zile bapa za saa mtoto akimeza, kwa saa mbili tu zinaweza kumchoma koo. Sumaku pia sitaki, akimeza mbili zinavutana na kubana utumbo. Kipimo changu ni kile kiini cha karatasi ya choo: chochote kinachopita mle hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3. Vijiwe vinapita. Kengele inapita.

Tito, 11:18
Mimi nilimeza shilingi nikiwa darasa la kwanza na bado niko

Nuru, 11:19
Hiyo shilingi tunaingoja mpaka leo

Tito, 11:19
Ndiyo mchango wangu

Shangazi Zuhura, 11:30
Watu wanazungumza mambo ya maana.

Baba Mdogo Sefu, 20:41
Poleni, nilikuwa barabarani. Wazo ni zuri. Lakini mbona isiwe ya SGR? Hiyo Baraka anaiona tukipita Mombasa Road. 59 ataijulia wapi?

Shangazi Zuhura, 20:43
Atajulishwa. Na wewe Sefu, maadamu umetokea, sanduku liko wapi?

Baba Mdogo Sefu, 20:50
Dada, hayo tulimaliza.

Shangazi Zuhura, 20:51
Yalimalizwa na nani? Randa, patasi na keekee ya mkono ziliondoka siku ile ya lori, tukaambiwa ni wiki mbili.

Baba Mdogo Sefu, 20:58
Lori nililipa mimi. Hilo halisemwi.

Baba Mdogo Sefu, 21:02
Ujumbe huu umefutwa

Tito, 21:03
Baba Mdogo nimeuwahi 🙈

Fundi Juma, 21:20
Jamani, turudi kwenye mbao. Saipresi ni rahisi lakini humeguka vijiti mtoto akiing'ata. Nitatafuta vipande vya mahogani wanavyobakisha mafundi wa Ngong Road. Na mimi naunga mkono 59, kwa sababu ile ni Garratt, si pande moja la chuma. Mbele kuna tangi la maji, katikati boila, nyuma mafuta. Zile ncha mbili zinageuka kila moja kivyake, boila likiwa limebebwa katikati, ndiyo maana iliweza kona na urefu wake wote. Nikiweka vigingi viwili vya mbao, Baraka ataizungusha mguu wa meza bila kuinyanyua. Kazi kubwa ni yale mapengo, yasimbane kidole. Hapo msinikimbize.

Mama Baraka, 22:50
Asanteni sana. Naomba tu rangi isiwe na madini ya risasi, huyu kila kitu ni mdomoni. Na kamba iwe fupi.

Fundi Juma, 22:58
Kamba isizidi shibiri, isije ikamzunguka shingo.

Shangazi Zuhura, 23:01
Rangi ninayo. Kuna kopo la damu ya mzee limebaki tangu tupake lango.

Fundi Juma, 23:04
La lango usinipe Shangazi, hatujui lina nini. Tununue ya maji iliyoandikwa haina risasi.

Jumanne

Shangazi Zuhura, 07:05
Waliotuma: Mama Baraka, Nuru, Juma. Wengine nawaona mtandaoni.

Nuru, 13:36
[Picha]
Nimepita makumbusho ya reli. Hii ndiyo 5918, Mount Gelai. Rangi ni damu ya mzee kweli. Magurudumu nimehesabu 28.

Fundi Juma, 13:52
28 kwenye kichezeo? Nilikuwa nimepanga 8.

Babu, 17:30
Huyu ni Babu, Nuru ananiandikia. Nimesomewa yote tangu jana. Zuhura, 59 haikula mkaa. Ilichoma mafuta mazito. Zilikuwa 34 na kila moja ilipewa jina la mlima. Magurudumu makubwa ni 16, madogo 12. Juma usipunguze, mtoto atajifunzia kuhesabu hapo. Sefu, sanduku lirudi. Wakati ule nilinyamaza kwa ajili ya mama yenu. Sasa nauliza. Keekee ile ndiyo itakayotoboa vigingi vya treni hii.

Shangazi Zuhura, 17:31
Sawa Baba.

Baba Mdogo Sefu, 18:24
Shikamoo Baba. Nimesikia. Nitalileta.

Shangazi Zuhura, 18:24
Lini?

Baba Mdogo Sefu, 18:40
Wiki hii. Patasi moja iko kwa jirani, naifuata.

Tito, 18:44
Nimetuma 500. Shikamoo Babu.

Fundi Juma, 19:10
Shikamoo Babu. 16 nitachonga. Shida ni yale madogo 12. Nikifuata kipimo cha picha, yatapita kwenye kiini.

Mama Baraka, 19:15
Basi hayo yaachwe, tafadhali.

Shangazi Zuhura, 19:16
Mwanangu, Babu amesema 28.

Fundi Juma, 19:22
Naweza kuyachonga palepale kwenye ubao wa ubavuni, yaonekane lakini yasizunguke wala kutoka. Babu akikubali.

Nuru, 19:40
Babu ameenda kulala. Nitamuuliza asubuhi.

Shangazi Zuhura, 19:41
Asubuhi mapema, Juma anunue mbao. Sefu, mimi nimeandika Alhamisi. Na nyinyi wengine mnaosoma tu, 500.