Lori linakunywa maji bila kudondosha tone: nianze na kipimo kipi?

MamaMwaloni
Habari za jioni wadau. Nina lori la tani 10, dizeli, silinda sita, breki za upepo. Linabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda Shinyanga na Kahama. Tangu mwezi uliopita linakunywa maji. Dereva anajaza rejeta Kirumba, akifika Shinyanga linadai tena. Chini hakuna tone, oili ni safi, haijawa chai ya maziwa, moshi wa kawaida. Ila injini ikiwashwa asubuhi mfuniko ukiwa wazi, unaona mapovu. Mara mengi, mara yanakata kabisa.

Fundi wa kwanza anasema gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini), nifungue. Wa pili anataka apime presha. Wa tatu ana rangi ya kumwaga kwenye rejeta na tochi yake ya zambarau. Dereva naye ana unga wa kuziba. Hela ninayo ya kitu kimoja cha uhakika, si vyote. Nianze na kipi?

SpanaKisesa
Mapovu ni gasketi. Fungua hedi, ikapigwe plena (isawazishwe uso), funga gasketi mpya, gari irudi kazini. Kupimapima ni kuozesha mzigo.

FundiNyakato
Shikamoo mama. Hedi usiiguse kwanza. Mapovu yanakwambia kuna hewa inaingia kwenye maji, hayakwambii imetokea wapi. Gari ya breki za upepo ina milango miwili: silinda za injini, na kompresa, yaani pampu inayojaza upepo wa breki, maana kwa nyingi kompresa nayo inapozwa na maji hayohayo ya rejeta. Gasketi ya kichwa cha kompresa ikikatika, upepo unasukumwa kwenye maji, maji yanafurikia kwenye mfuniko gari ikiwa mwendo, yanakauka barabarani. Ukisimama kukagua, pakavu. Hedi nyingi zimefunguliwa bure kwa kosa la kompresa.

Kati ya ulivyotajiwa, pampu ya presha ndiyo ningeilipia. Injini ikiwa baridi unaifunga mdomoni mwa rejeta, unapampu hadi namba iliyo kwenye mfuniko, mara nyingi bar 0.9 au 1.1, usizidishe. Mshale ukishuka na nje pakavu, maji yanaingia ndani. Ukishuka na ukaona unyevu, tazama kitundu cha chini ya wota pampu, vizibo vya bloku vya upande wa nyuma ambavyo hakuna anayevikumbuka, na klipu za hozpaipu. Udhaifu wake: ufa unaofunguka injini ikipata moto hauonekani ikiwa baridi. Mimi huiacha usiku kucha na presha yake. Asubuhi, kabla ya stata, nazungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele. Silinda ikiwa na maji, spana inagoma. Ukipiga stata hapo umepinda konrodi (mkono wa pistoni), na hasara inakuwa ya injini nzima.

Rangi na tochi ni kwa tone linalokauka kabla hujaliona, mfano likiangukia ekzosi. Kwa mapovu haisaidii, inaonyesha maji yanakotokea tu.

Kuna kipimo hawajakutajia: kichupa chenye dawa ya buluu, kinakaa mdomoni mwa rejeta injini ikiwaka. Kinanusa gesi ya moshi. Kwa dizeli buluu inageuka kijani au njano. Ikigeuka, SpanaKisesa yuko sahihi, fungua. Mapovu yakipita na buluu ikabaki buluu, shika kompresa. Ila dizeli ikiunguruma taratibu gesi yake ni kidogo, kwa hiyo apige resi, na maji ya rejeta yasiingie kwenye kichupa, yataharibu dawa.

DerevaWaMagu
Unga msiudharau. Ukikwama Tinde usiku na dagaa nyuma, utauona ni dhahabu.

FundiNyakato
Wa kukufikisha gereji, sawa. Ukiugeuza matibabu, unaziba njia za rejeta na za oili kula (kipoza oili), gari inaanza kuchemsha kwa ugonjwa mwingine. Kwa mama hapa haufai, ufa haujajulikana uko wapi.

MzeeUsagara
Mama, kabla hujamlipa mtu, kuna kipimo cha bure. Asubuhi injini ikiwa baridi, mfungue rejeta, muwashe. Matenki ya upepo yakijaa, kompresa inaacha kusukuma, utasikia ule mpwito. Tazama mapovu hapo. Kisha dereva akanyage breki mfululizo mpaka upepo ushuke na kompresa ianze kazi upya. Mapovu yakipungua tenki likijaa na kurudi likijazwa, umeshapata jibu: ni kompresa. Injini ikishapata moto msifungue mfuniko, yale maji yanaunguza uso.

La pili, mnatumia maji ya bomba matupu? Wekeni kulanti ya kijani, ile dawa ya kupozea injini. Injini ikizimwa, maji yenye presha yanaweza kupenya kwenye kompresa na kuishia kwenye tenki la upepo. Huku ziwani tenki hutoa maji kila siku kwa unyevu wa hewa, huwezi kutofautisha. Yakitoka ya kijani, hakuna ubishi.

Na huo mfuniko badilisha. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima wa 0.9 unayapeleka kupita 115. Springi ikichoka, maji yanaondoka mvuke.

Zamani tukienda Geita tulikagua maji tukisubiri kivuko Kigongo. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 vijana wanapita bila kusimama, rejeta wanaikumbuka taa ikiwaka.

MamaMwaloni
Asanteni sana, mzee nimekufuata. Tenki likijaa mapovu yanabaki machache sana, dereva akikanyaga breki yanarudi kwa fujo. Tukaweka kulanti, gari ikaenda Shinyanga na kurudi. Leo asubuhi tumefungua koki ya tenki: maji yana ukijani. Sasa fundi anataka ninunue kompresa nzima ya mtumba. Au gasketi inatosha?

SpanaKisesa
Bado kichupa kipite, mama. Kompresa mbovu haizuii hedi nayo kuwa mbovu.

FundiNyakato
Hapo nakubaliana naye, na ni kipimo cha dakika chache. Kipite baada ya kompresa kutengenezwa, mapovu yake yasituchanganye.

Kompresa nzima usinunue kabla hii haijafunguliwa. Kichwa kivuliwe, kiwekewe rula ya chuma: kikiwa hakijapinda wala hakina ufa, seti ya gasketi inatosha. Kikiwa na ufa, tafuta kichwa kizima. Mtumba kamili ni pale silinda yake imekwaruzika na inarusha oili kwenye matenki. Ukikuta oili imechanganyika na hiyo kulanti, jua ndiko unakoelekea. Mwambie pia asafishe draya (kikausha upepo) na vali za breki, kulanti inaharibu mipira. Gari isibebe mzigo kabla hilo halijafanyika.

DerevaWaMagu
Na unga je, nirudishe dukani?

MzeeUsagara
Rudisha.